Saa Mbili Kamili Usiku

Taarifa ya habari ni maneno mawili ya asili ya Kiarabu yaliyounganishwa kwa kiungo kidogo cha Kibantu. Habari inatokana na khabar, jambo lililotokea likasimuliwa. Taarifa inatokana na mzizi uleule uliotupatia arifu na maarifa. Ni tendo la kumfanya mtu ajue. Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati walilichukua neno taarifa kwa shughuli zao, likavuka hadi Ulaya, na huko likaishia kuwa jina la orodha ya ushuru wa forodha. Huku kwetu lilibaki jirani na maana yake ya kwanza.

Waarabu wenyewe hawayaweki maneno hayo pamoja. Habari zinazosomwa redioni Cairo au Muscat huitwa nashrat al-akhbar, na nashra inatokana na kueneza. Waingereza waliazima neno la wakulima wao, la kurusha mbegu shambani huku na huko kwa mkono, wakalifanya jina la utangazaji. Jina letu, basi, ni kitambaa cha ugenini kilichoshonwa nyumbani, na mshono wake una maana. Wengine waliutazama mkono unaorusha. Kiswahili kilimtazama anayepokea. Habari yaweza kuenezwa nchi nzima na mtu asiambulie kitu. Taarifa haijatimia mpaka aliyekaa kando ya redio amejua. Ni sharti gumu, na watu waliolikubali na kulitimiza kila siku kwa miaka mingi, tena kwa dakika chache tu, hawajasifiwa inavyowastahili.

Kazi yao ina ukoo mrefu kuliko redio. Katika miji ya pwani, wakubwa walipotaka watu wajue jambo, ilipigwa mbiu, nayo ni pembe ya nyati, mtaa kwa mtaa, kisha tangazo likatamkwa kwa sauti. Wito huo ndio ulioitwa mgambo. Watanzania wengi leo wakilisikia neno mgambo humwona askari wa akiba aliyesimama mlangoni mwa ofisi ya kata, lakini methali imelihifadhi neno pamoja na pembe yake: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Watu hawakuuliza kwanza ni jambo gani. Waliacha walichokuwa wakifanya, wakasogea.

Magazeti yalikuja baadaye, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Msimulizi lilianza kuchapishwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Baada yake Magila, kule Tanga, likatoka Habari za Mwezi. Jina hilo la pili linasema wazi habari zilivyotembea wakati ule. Redio ilipofika Nairobi mwaka 1928 ilisema Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Ilihitajika Vita vya Pili vya Dunia, na maelfu ya vijana waliochukuliwa katika jeshi la Waingereza la KAR, ndipo mamlaka ya kikoloni ikaona haja ya kuwaeleza wazazi wao kwa Kiswahili yaliyokuwa yakitokea vitani. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, London mwaka 1957, Washington mwaka 1962, na Ujerumani kupitia Deutsche Welle mwaka 1963. Katika miaka hiyo michache Kiswahili kililazimika kusema kila kitu kilichotokea duniani, siku hiyohiyo kilipotokea.

Radio Tanzania Dar es Salaam haikuisahau mbiu. Kabla ya taarifa yake ya habari zililia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona aliyezipanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga peke yake. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa zaidi. Mlio ule ulizima maongezi barazani. Kulikuwa na nyumba zilizoanika betri juani mchana kutwa ili redio ipate nguvu ya kufika saa mbili usiku, na baada ya taarifa yenyewe wapenda siasa walibaki pale pale kungoja Mazungumzo Baada ya Habari. Watoto tulijifunza kunyamaza kwa sababu ya ngoma hizo kabla hatujajifunza kuelewa kilichosomwa baada yake.

Sasa niingie chumbani mwa kazi, kwa kuwa sifa zisizoonyesha kazi ni maneno matupu.

Sehemu kubwa ya habari za dunia huingia katika vyumba vyetu vya habari kwa Kiingereza, kutoka mashirika kama Reuters na AFP. Zimeandikwa kwa ajili ya macho. Msomaji wa gazeti akipotea katikati ya sentensi hurudi nyuma akaisoma tena. Msikilizaji harudi. Kilichompita kimempita, na wakati anakikimbiza kile, cha pili kinampita vilevile. Kwa hiyo mhariri wa habari wa Kiswahili haandiki kabla ya kuvunja: huichukua sentensi moja ndefu akatoa tatu, akamweka mtenda mwanzoni, akaondoa cheo kisichomsaidia mtu, halafu anasoma kwa sauti ili ajue pumzi inakatikia wapi. Ukipita karibu na meza yake utadhani anajisemea mwenyewe.

Tazama tarakimu. Kwenye karatasi 1,437,862 haichukui hata inchi moja. Mdomoni inakuwa milioni moja, laki nne na elfu thelathini na saba, mia nane sitini na mbili, na mpaka msomaji afike kwenye mbili, milioni imekwisha sahaulika. Mhariri mzuri huandika "zaidi ya milioni moja na laki nne" akasonga mbele. Mwaka 1964 nao, ukisomwa kwa ukamilifu, unakula silabi 14 kabla tukio lenyewe halijatajwa. Ndiyo maana wazee wa kazi hii waliutumia mwaka kwa ubahili. Saa ni mtihani mwingine. Shirika la habari linasema saa 14:00 za Greenwich. Kwa msikilizaji wa Tabora au Kisumu hiyo ni saa kumi na moja jioni, na kwa yule wa Bujumbura ni saa kumi. Anayeandikia idhaa ya kimataifa anawaandikia wote kwa pamoja, na lazima wote wajue.

Lugha yenyewe humsaidia mwenye kuijua. Ndege ni neno moja kwa mnyama na kwa chombo, lakini ndege ameanguka na ndege imeanguka ni habari mbili zisizokaribiana, na tofauti yake yote imebebwa na kiambishi cha herufi moja. Neno "waliokamatwa" linasema kwa pumzi moja kwamba ni watu, ni wengi, jambo limepita, na wao ndio waliotendwa. Upande wa kusoma kuna mkazo. Barabara ya gari hukaziwa silabi ya tatu. Barabara ya kusema jambo limekwenda sawasawa hukaziwa ya pili. Msomaji akikosea, sikio la mzawa linasimama pale kujiuliza, na sentensi inayofuata imekwisha pita. Ninapomsikia msomaji kijana akipitia ukurasa mzima na mikazo yote ikikaa mahali pake, ninajua amekaa na karatasi yake kabla ya taa nyekundu kuwaka.

Halafu kuna maneno yasiyokuwepo. Hapa ndipo heshima yangu kwa watu hawa inapokuwa kubwa kuliko ninavyoweza kuieleza. Habari haingoji kamati. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, lilichapisha istilahi katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na kazi hiyo ilikuwa ya lazima; lakini saa mbili usiku haiahirishwi mpaka kijitabu kitoke. Mtu alilazimika kusema leo hii kwamba mjumbe mmoja wa Baraza la Usalama amelizuia azimio peke yake. Kiswahili kikaenda kwenye mkeka wa wacheza karata kikarudi na kura ya turufu. Ni tafsiri nzuri kupita kiasi. Mtu asiyejua lolote kuhusu mkataba ulioanzisha Umoja wa Mataifa, ila amewahi kucheza karata chini ya mwembe, anajua mara moja kilichotokea New York: mmoja ametoa karata inayoshinda zote, na wengine hawana la kufanya.

Mifano ya aina hiyo ni mingi. Vikwazo vya kiuchumi vinatokana na kukwaa, kule kujikwaa mguu. Mapinduzi yametoka katika kupindua, na watu wa pwani walikwisha kulijua tendo hilo kwa mitumbwi na majahazi. Wakimbizi ni watu wanaokimbia, na jina hilo halimruhusu msikilizaji kusahau kwamba kuna kitu nyuma yao. Mkutano wa viongozi wakuu ukaitwa wa kilele. Na wanamgambo, wale wapiganaji wasio wa jeshi rasmi wanaotajwa katika habari za Mashariki ya Kati au Kivu, wanatembea na jina la ule wito wa kale wa pembe. Kila neno katika haya lingeweza kuja kwa Kiingereza kilichovishwa irabu mwishoni, na hakuna ambaye angelalamika. Lakini yangekuja hivyo, mkulima wa Namtumbo angesikia sauti asijue, na taarifa isingekuwa taarifa.

Ndiyo sababu inaniuma kusikia leo kwamba mkutano "umechukua nafasi" mjini fulani. Mikutano hufanyika. Nafasi huchukuliwa na mtu aliyeingia kwenye daladala. Sisemi hivi kwa uchungu wa mzee anayekataa mapya. Kiswahili kimeishi kwa kupokea, na hata jina la kazi hii ni ushahidi. Ninachokataa ni sentensi ya Kiingereza iliyovaa maneno ya Kiswahili, kwa sababu humlazimisha msikilizaji kuitafsiri upya kichwani ili aielewe. Kazi ile ilikuwa ya mhariri. Ameihamishia kwa mama anayekamua ng'ombe huku redio ikiwa imetundikwa mtini.

Sauti inayosoma ina uzito wa peke yake. Usiku wa mapinduzi ya Zanzibar, Januari 12, 1964, kituo cha redio kilikuwa miongoni mwa mahali pa kutekwa mapema, na siku zilizofuata wasikilizaji walimjua John Okello, mmoja wa viongozi wa mapinduzi hayo, kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Agosti 1, 1982, askari wa Jeshi la Anga la Kenya waliojaribu kuiangusha serikali walikwenda nyumbani kwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wakamchukua kwa nguvu hadi studio za Sauti ya Kenya, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Wale vijana walikuwa na bunduki, walikuwa na kituo, walikuwa na maneno waliyotaka yasemwe. Yeyote kati yao angeweza kuisogelea maikrofoni akasema. Lakini walijua kwamba nchi ingesikia tu bila kuamini, mpaka iseme sauti ambayo watu waliizoea kuwaambia ukweli asubuhi na jioni. Jaribio lao lilishindwa siku hiyohiyo. Mbotela aliendelea na kazi yake kwa miongo mingine, pamoja na kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? alichokianza miaka ya 60, mpaka akawa babu wa watangazaji wa Kenya. Alifariki dunia mwaka 2025. Imani ambayo askari wale walitaka kuiazima kwa saa chache yeye alikuwa ameijenga kwa taarifa moja baada ya nyingine, nyingi kati ya hizo za mambo madogo: bei ya mahindi, ziara ya waziri, mvua.

Kuna sehemu ya kazi hii inayonigusa kuliko zote, nayo ni namna ya kusema kifo.

Kiswahili hakikosi maneno kwa jambo hilo. Mtu hufa, hufariki dunia, huaga dunia. Akiuawa husemwa ameuawa. Katika mazungumzo ya heshima hatusemi kwamba baba wa mtu amekufa, na mtoto anayekosea hapo hurekebishwa papo hapo. Taarifa ya habari nayo inaijua adabu hiyo, ila si kwa wote. Sikiliza kwa makini kwa wiki moja. Mara nyingi aliyetajwa kwa jina hufariki dunia. Wasiotajwa kwa majina, wale wa idadi, hufa: watu saba wamekufa, watu thelathini wamekufa. Sidhani kama kuna mhariri aliyekaa akaamua hivyo. Imejiingiza yenyewe, kwa haraka ya kazi, kwa kuwa neno moja ni fupi kuliko mawili. Lakini wenye jamaa katika wale thelathini wamekaa kando ya redio ileile, na wanasikia.

Naamini watu wa zamani waliliona tatizo hili na wakalipatia dawa yake pembeni mwa taarifa yenyewe, katika matangazo ya vifo. Vijana waliolelewa na simu huenda hawayajui. Kwa dakika kadhaa msomaji wa Radio Tanzania au wa Sauti ya Kenya alisoma majina ya watu ambao hawakuwa mawaziri wala majenerali. Fulani wa kijiji fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake. Mazishi yatafanyika siku fulani. Kisha ikafuata orodha ya ndugu, mmoja yuko Mbeya, mwingine Arusha, mwingine ni dereva wa lori asiyejulikana amefika wapi, na habari ziwafikie popote walipo. Neno habari hapo lilikuwa limerudi kwenye ukubwa wake wa kwanza. Msomaji aliyajua majina ya viongozi wa dunia kwa moyo, na bado alilitamka la bibi wa Njombe kwa uangalifu uleule, kwa kuwa akilikosea, dereva wa lori angeendelea na safari yake.

Ustadi huo wa pembeni ndio ningependa uingie katikati. Hauhitaji muda zaidi. "Watu kumi na wawili wamekufa baada ya mashua kuzama" na "Wavuvi kumi na wawili wamefariki dunia baada ya mashua kuzama" zinapishana kwa nukta moja ya saa. Katika ile ya pili tayari unajua walikuwa wametoka kwenda kufanya nini, na umewasikia wakitajwa kwa adabu ambayo majirani zao wangeitumia.

Halafu kuna wale ambao bado wako majini. Kiswahili kina kiambishi ambacho lugha nyingi zingelazimika kukizungukia kwa maneno mengine, nacho ni "ja". Hawakupatikana ni jambo lililofungwa: walitafutwa, basi. Hawajapatikana ni jambo lililo wazi: wanatafutwa, huenda wakapatikana usiku huu. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, ikiwa na mamia ya abiria, nyumba nyingi za Kagera na Mwanza ziliishi kwa siku kadhaa ndani ya tofauti hiyo. Nani alikuwa amepatikana, nani alikuwa hajapatikana. Hakuna sera ya kituo wala mwongozo wa mtindo unaomfundisha mhariri uzito wa silabi ile kama unavyofundishwa na jamaa mmoja anayepiga simu chumba cha habari kuuliza.

Nimewahi kumsikia mhariri wa zamu ya usiku akimkabidhi mwenzake wa alfajiri karatasi zake. Hakuzungumzia habari kubwa ya siku ile, iliyokuwa ya uchaguzi, kwa kuwa hiyo ingejisimamia. Alimwonyesha mistari minne ya chini, ya watoto wawili waliopotea mtoni wilayani, akamwambia apige simu kwa mkuu wa polisi wa wilaya saa kumi na moja alfajiri kabla hajairudia, ahakikishe kama "hawajapatikana" bado ni kweli. Yule wa alfajiri aliiandika saa hiyo pembeni mwa karatasi, akavuta kiti, akaanza kuzisoma nyingine kwa sauti.